Usianze na Jumla

Zoezi la kwanza ninalowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni boksi la viatu. Ndani yake kuna karatasi za duka la vifaa vya ujenzi ambalo nimelibuni mwenyewe: risiti za mashine ya EFD zilizoanza kufifia, stakabadhi za kuandikwa kwa mkono, ankara za saruji na nondo, hati za kupokelea mzigo, tiketi ya basi la Dar es Salaam, ujumbe wa malipo ya simu uliochapwa, na kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la shule chenye maneno "nimepokea elfu ishirini", sahihi ipo, tarehe haipo. Swali ni mstari mmoja tu: duka hili lilitumia kiasi gani mwezi Machi?

Darasa zima hukimbilia kikokotoo. Baada ya muda majibu yanajaa ubaoni, na hakuna mawili yanayofanana. Mmoja amejumlisha ankara pamoja na risiti yake, kwa hiyo saruji ileile imenunuliwa mara mbili. Mwingine ameingiza risiti ya Februari. Kila mwaka hakosekani anayejumlisha hati ya kupokelea mzigo, ambayo haina bei, ina idadi ya mifuko peke yake, na kwa hesabu yake mifuko 200 imegeuka shilingi 200. Hapo ndipo nawaambia waweke vikokotoo chini, wachukue penseli na klipu, wapange karatasi kwanza. Ankara ibanwe na risiti yake na hati ya kupokelea mzigo wake. Kila furushi lipewe namba. Kikaratasi cha elfu ishirini kiwekwe peke yake, na pembeni waandike ni nani wa kuulizwa. Kujumlisha kutakuja mwisho, na siku hiyo kutachukua dakika chache.

Mimi nafundisha uendeshaji wa ofisi na hesabu za awali katika chuo kidogo cha binafsi hapa Morogoro. Kabla ya kushika chaki nilikuwa katibu mahsusi kwa miaka mingi, na uhazili nilisomea Tabora, wakati ambapo taipu za darasa zima zilikuwa zikisikika mpaka barabarani. Nimefundisha masomo haya mawili muda wa kutosha kuamini kwamba ni somo moja ambalo ratiba imelikata vipande viwili. Upande mmoja tunawafundisha kuandika barua, kutunza majalada na kuchukua kumbukumbu za vikao. Upande wa pili tunawafundisha leja, urari na usuluhishi wa benki. Wanafunzi wenyewe huona mlango ule ni wa "masekretari" na mlango huu ni wa "wahasibu", na wazazi huona wa pili una heshima zaidi. Lakini kote kule kazi ni ileile: kuandika kwa ajili ya mtu ambaye hayupo chumbani, atakayekuja mwakani, asiyekujua, na asiyekuwa na sababu yoyote ya kukuamini.

Kwa asiyejua njia za kuingia kwenye masomo haya, hizi hapa kwa ufupi. Kijana mwenye cheti cha kidato cha nne na ufaulu wa masomo manne, dini zikiwekwa kando, anaweza kuanza astashahada ya awali, yaani ngazi ya 4 kwa mpangilio wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi. Ngazi ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada. Anayetaka kufika kwenye uhasibu wenyewe, ule wa kuweka herufi za CPA mbele ya jina, hukutana na mitihani ya NBAA, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Vyuo vya zamani vinajulikana. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilifunguliwa mwaka 1965. Taasisi ya Uhasibu, TIA, ilianza miaka ya 1970 kama shule ya uhasibu ya Dar es Salaam. Chuo cha uhazili cha Tabora leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, kilichoanzishwa kwa sura yake ya sasa mwaka 2000. Vingine vingi ni vidogo kama chetu, ghorofa moja juu ya maduka.

Tuanze na vidole, kwa sababu huko ndiko wanafunzi hukata tamaa mapema. Kibodi ya kompyuta mliyonayo ilirithiwa kutoka kwenye taipu ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, aliyepata hataza yake mwaka 1868. Mpangilio wake wa herufi ulikua katika mikono ya watu walioandika Kiingereza. Herufi inayojirudia zaidi katika Kiingereza ni e, na huipata kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kidole chenye nguvu. Katika Kiswahili hakuna herufi inayojirudia kama a, na hiyo imeangukia kidole kidogo cha kushoto, kinyonge kuliko vyote. Mpe mwanafunzi achape "mama amekataa kazi ya baraza la kata" mara ishirini bila kutazama vidole, kisha muulize kinachomuuma. Ndiyo maana sikubali wanafunzi wangu wajifunzie kwenye vitabu vya mazoezi vya Kiingereza peke yake. Wanamaliza wakiwa hodari wa kuchapa lugha ambayo ofisi ya kata haiitumii.

Halafu kuna kipimo cha kasi. Mtu akikwambia anachapa maneno 50 kwa dakika, hamaanishi maneno kama tunavyoyajua. "Neno" katika kipimo hicho ni mabonyezo matano, nafasi ikiwemo. Kitenzi kimoja chetu kama "wanapotutembelea" kina herufi 16, ukiongeza nafasi ni zaidi ya maneno matatu. Mwanafunzi akilijua hilo haoni tena aibu akitazama aya yake fupi ya Kiswahili karibu na aya ndefu ya jirani yake.

Hatimkato nitaipitia haraka, ingawa moyo wangu ungependa kukaa. Kwa miaka mingi matangazo ya ajira serikalini ya Katibu Mahsusi Daraja la III yalitaka hatimkato ya Kiswahili na ya Kiingereza, maneno 80 kwa dakika. Mfumo uliofundishwa ni wa Isaac Pitman, Mwingereza aliyeutoa mwaka 1837: alama huandikwa kwa sauti, mstari mwembamba ni p, mstari uleule ukikolezwa ni b. Irabu huwekwa kwa nukta na vistari vidogo, na mwandishi mwenye haraka huziacha. Mwingereza akiacha irabu bado anaelewana na daftari lake. Sisi tukiacha irabu, "pita", "pata", "peta" na "pete" yote ni p na t. Kinachokuokoa ni mahali alama inapokaa, juu ya mstari, kwenye mstari au ikiukata, maana hapo ndipo irabu ya kwanza imejificha. Niliipenda sana kazi hiyo. Leo mkuu wa idara anaweka simu mezani irekodi, na ajira yenyewe imebadilishwa jina, tangazo linasema Mwandishi Mwendesha Ofisi.

Sizililii zile alama. Kinachonisikitisha ni kwamba pamoja nazo umeondoka uwezo wa kusikiliza mtu akizungumza na kujua, papo hapo, kama ameamua jambo au anapitisha muda. Simu hurekodi saa tatu za kikao na hakuna anayerudi kuzisikiliza. Kwa hiyo darasani tunaigiza kikao cha kamati ya SACCOS, na ajenda zake zote: kufungua, kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, mengineyo, kufunga. Wanne wanagombana kuhusu mkopo wa mwanachama aliyehama, wengine wanaandika. Kazi nyingi zinazorudi zina sentensi "wajumbe walijadili kwa kina". Naikata kwa kalamu nyekundu. Nani amepewa kazi gani, aikamilishe lini, kwa fedha ya kifungu gani? Mkaguzi akija hatauliza kina cha mjadala. Atauliza kama akidi ilitimia, na kama mkopo uliidhinishwa na kikao au na mwenyekiti akiwa peke yake barazani kwake.

Barua nazo zina magugu yake. Kijana ameingia chuoni na "Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu", hajui aliipata wapi, na hataki kuiachia. Namwambia mada tayari ipo pale kwenye "Yah:", msomaji ameiona, ingia kwenye shida yako. Ninachokazia mimi ni kile wanachokiona urembo: Kumb. Na., tarehe, anuani ya cheo na si ya jina la mtu, nakala kwa nani, na pale chini, kama si mkuu mwenyewe anayesaini, zile herufi tatu, Kny. Namba ya kumbukumbu inasema barua hii inalala kwenye jalada gani. Barua isiyo na namba hiyo haina kwao. Itapatikana siku ikipatikana.

Zoezi la masjala ndilo ninalolifurahia kuliko yote. Nawapa jalada lenye barua zilizopangwa vizuri kwa tarehe, kila barua na namba yake ya folio juu kulia, na upande wa kushoto karatasi ya madokezo. Nikishalizungusha darasani, nachomoa karatasi moja wakiwa mapumzikoni. Wakirudi nawauliza: nini kimepungua? Anayesoma barua moja moja hukaa hadi kengele. Anayefuata namba anakuta 17 inafuatwa na 19, anainua mkono, na akigeukia karatasi ya madokezo anaona mkuu aliandika "Mhasibu, tazama folio 18, lipa". Sasa anajua kilichopotea ni nini, kilimhusu nani, na nani alikiona mwisho. Mara ya pili nawapa jalada lilelile bila namba za folio, nachomoa karatasi nyingine, na hakuna anayejua kwamba kuna kilichotoka. Hapo sihitaji kuhubiri.

Ukivuka mlango kwenda hesabu, unakutana na kitu hichohicho kimevaa tarakimu.

Kila mtu hapa nchini anaujua msemo "mali bila daftari hupotea bila habari", na maduka mengi yana daftari. Daftari la madeni la mangi, mwenye duka wa mtaani, linakwambia Mama fulani anadaiwa elfu nane, basi. Halisemi ule unga ulitoka kwenye mzigo upi wala kama fedha yake ilikuwa ya duka au ya ada ya mtoto. Uhasibu wa pande mbili, ambao padri Mtaliano Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494 akieleza desturi ya wafanyabiashara wa huko, unadai kila tukio liandikwe mara mbili: kilikotoka na kilikokwenda. Umechukua mifuko 50 ya saruji kwa mkopo, kila mmoja shilingi 17,000. Bidhaa zimeongezeka kwa 850,000, na deni lako kwa muuzaji limeongezeka kwa 850,000. Pacioli alitaka vitabu vitatu: cha kuandika mambo yalivyotokea siku hiyo, jarida la kuyapanga, na leja ya kuyagawa kwa akaunti. Zaidi ya miaka 500 imepita na mtaala wetu bado unapita hapohapo. Angalia kitabu chake cha kwanza: ni boksi langu la viatu.

Kinachowavuruga wanafunzi kuliko yote ni debiti na krediti, na mkosaji ni benki. Tangu wakiwa sekondari wanapata ujumbe kwenye simu kwamba akaunti yao "imekreditiwa", na kila wakiupata fedha imeingia. Kwa hiyo wamejiwekea kwamba krediti ni heri na debiti ni msiba. Wakija kwangu wanaambiwa fedha ikiingia benki uidebiti akaunti ya benki kwenye vitabu vyako, na wanadhani mwalimu amechanganyikiwa. Maelezo yake ni mepesi: ule ujumbe umetoka kwenye vitabu vya benki, si vyako. Ukiweka fedha, benki inakuwa na deni kwako, na deni analodaiwa mtu hukaa upande wa krediti wa vitabu vyake. Kwako wewe ni mali, inakaa debiti. Tukio moja, vitabu viwili, kila mmoja anaandika akiwa amesimama kwake. Nikishaeleza hivyo huwa nangoja kidogo, kwa sababu kuna wanaohitaji kutoa simu na kusoma ujumbe upya.

Kisha ndipo tunafika kwenye usuluhishi wa benki, na hapo ndipo nakaa muda mrefu kuliko mtaala unavyoniruhusu. Chukua mfano ninaoutumia. Daftari la fedha la duka linasema benki kuna 2,450,000. Taarifa ya benki inasema 2,870,000. Mwanafunzi mgeni anaona tofauti ya 420,000 na kuhisi wizi. Sasa tafuta. Kuna hundi ya 600,000 uliyompa muuzaji wa nondo, hajaipeleka benki. Kuna 150,000 uliyoipeleka jioni ya tarehe ya mwisho, benki haijaiandika. Kwa hiyo upande wa benki: 2,870,000, ongeza 150,000, toa 600,000, unabaki na 2,420,000. Rudi kwenye daftari lako. Benki imekata ada ya 12,000, hukuiandika. Na malipo ya 64,000 uliyaandika 46,000, kwa hiyo daftari limejiona tajiri kwa 18,000. Toa 12,000, toa 18,000: 2,420,000. Hakuna mwizi. Kulikuwa na muuzaji mvivu, jioni moja iliyochelewa, ada ya benki na tarakimu mbili zilizobadilishana viti.

Hiyo 18,000 ina siri ambayo kila mtunza vitabu mzee anaijua. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku kwanza tarakimu zilizopinduka: 64 kuwa 46, 91 kuwa 19, 530 kuwa 350. Ikiwa haigawanyiki kwa 9 lakini inagawanyika kwa 2, tafuta nusu yake, huenda kuna kiasi kilichoandikwa upande usio wake. Urari ukikataa kwa 70,000, pitia vitabu ukiwinda 35,000. Mbinu hizi ni za wakati wa kalamu, na zinafanya kazi vizuri tu mbele ya kioo cha kompyuta. Ila urari ukikubali usishangilie haraka. Saruji ikiandikwa kwenye akaunti ya usafiri, pande mbili zitalingana kabisa, na uongo utakuwa umepigiwa mstari wa chini mara mbili.

Kuna hesabu nyingine ndogo ambayo inawagharimu watu fedha halisi. Kodi ya ongezeko la thamani kwa kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Risiti ina jumla ya 118,000, kodi ikiwemo. Kodi ni kiasi gani? Wanafunzi wengi wanachukua asilimia 18 ya 118,000 na kupata 21,240. Jibu ni 18,000, kwa sababu bei kabla ya kodi ilikuwa 100,000. Ugawanye kwa 118 kwanza, ndipo uzidishe kwa 18. Na nikiwa hapo kwenye risiti: karatasi ya mashine ya EFD inaandika kwa joto, wino haupo. Ikikaa juani au ndani ya gari inakuwa nyeupe. Itoe nakala siku ileile, ubane nakala na risiti yenyewe.

Hapa ndipo nataka msomaji aone kwa nini nasema ni somo moja. Ofisa anakwenda Dodoma kwa kikao, anapewa masurufu ya 600,000, akirudi anatakiwa kuyarejesha kwa vielelezo. Mhasibu anaandika kwenye leja. Lakini safari ilianza kwa dokezo sabili la kuomba kibali, ambalo alilichapa katibu. Kibali kilikuwa maandishi ya mkono ya mkuu pembeni ya dokezo, ambalo lilikaa kwenye jalada, ambalo lilitunzwa na masjala. Barua ya mwaliko ilikuja na Kumb. Na. yake. Mkaguzi akifika miezi kumi baadaye, ile namba kwenye leja haimwambii lolote peke yake. Anataka kujua nani aliomba, nani aliidhinisha, kikao kilifanyika kweli, aliyekwenda alilala wapi. Soma ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali za mwaka wowote unaoutaka, utakuta malipo yaliyotajwa kwa kukosa viambatisho. Katika baadhi ya hayo fedha ililiwa, sibishi. Katika mengine kazi ilifanyika, na karatasi haikuwekwa pale ambapo mgeni angeikuta. Ripoti haina safu mbili za kuwatenganisha watu hawa.

"Madam, haya yote si yako kwenye kompyuta sasa?" Naulizwa hivyo kila muhula, na swali ni halali. Serikalini malipo yanapita kwenye mfumo wa MUSE, majalada yanahamia e-Office, mwananchi analipa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo. Kwenye makampuni watakutana na QuickBooks au Tally. Tunafundisha hizo programu, na vyuo vinaziandika kwa herufi kubwa kwenye mabango kwa sababu ndizo zinazovuta wateja. Faida yake naikubali: programu haitakuruhusu kuhifadhi tukio lenye upande mmoja. Lakini itakuruhusu kupeleka saruji kwenye usafiri. Itapokea ankara moja mara mbili ukibadilisha tarakimu moja ya namba yake. Na kwenye Excel, fomula ya kujumlisha iliyoishia mstari wa 40 haitakupigia kelele ukiongeza mstari wa 41. Kijana aliyeanza na programu kabla ya boksi la viatu ananiambia "mfumo ndio ulioandika". Sijawahi kumwona mfumo akiitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Kuhusu kazi za darasani zenyewe kuna jambo linalotakiwa kusemwa bila kuzunguka. Chuoni kwetu kazi za muhula ni alama 40 na mtihani ni 60. Hizo 40 zina soko. Nje ya geti kuna steshenari, na vyuo vyote ninavyovijua vina steshenari ya namna hiyo, ambako utapata kazi ya mwaka jana ikiwa imechapwa, imebanwa, inasubiri jina. Kazi za vikundi ndizo mbaya zaidi: wanne wanaandika majina, mmoja anakesha. Dawa niliyoipata haina gharama. Tarakimu tatu za mwisho za namba ya usajili ya mwanafunzi ndizo zinazoanzisha salio lake la kwanza, na kila hesabu inayofuata inazaliwa kutoka hapo. Aliyenakili analeta mizania ya mtu mwingine, na mimi naijua ni ya nani bila kuuliza.

Mafunzo kwa vitendo, yale tunayoyaita "fildi", ni bahati nasibu. Kuna ofisi ilimpokea mwanafunzi wetu, ikamkabidhi mashine ya kutoa nakala na birika la chai, na wiki zote kitabu chake cha kumbukumbu kikawa na sentensi moja iliyojirudia: "nimejifunza kazi za ofisi". Muhuri na sahihi vipo. Mwingine alikwenda zahanati ya kijijini, na baba yake akamsikitikia kwamba ametupwa. Kumbe tangu 2017 zahanati zilipoanza kupelekewa fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, mganga mfawidhi ndiye anayeshika daftari la fedha katikati ya kuzalisha wajawazito na kuchoma chanjo. Binti alikuta risiti zimehifadhiwa kwenye kopo la maziwa. Akazipanga, akazipa namba, akafungua jalada, akasuluhisha miezi iliyokuwa imelala. Alirudi akiwa ameiva kuliko waliokwenda makao makuu ya taasisi kubwa mjini, na sioni ajabu yoyote.

Basi mzazi, ukienda kumtafutia mwanao nafasi, usiishie kwenye meza ya udahili na bei ya sare. Hakikisha kwanza chuo kina usajili wa NACTVET na kozi yenyewe imesajiliwa, kwa maana chuo kinaweza kuwa nao na kozi isiwe nao. Uliza wanafunzi wangapi wanagawana kompyuta moja. Kisha omba uonyeshwe jalada la mazoezi la mwanafunzi wa mwaka uliopita: lina folio zinazofuatana? Kuna usuluhishi wa benki ulioandikwa kwa mkono wake, na alama nyekundu za mwalimu juu yake? Wakikwambia majalada yapo ila kwa sasa hayaonekani, chukua ada yako ukaulize chuo kingine.